Shuka ya Mashati ya Baba Yako

Mabawa, Tanga
Baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Mwanahawa,

Salamu sikuandikii, maana nimekuona hivi punde ukitoka na buibui lako kwenda Nguvumali kumuaga shangazi yako, na ukirudi utaniamkia mwenyewe kwa mdomo wako. Shangazi yako namjua. Hatakuachilia mpaka akulishe mara mbili na akulilie mara tatu, kwa hiyo nina nafasi mpaka magharibi. Nakuandikia kwa herufi za chuo cha Kurani, hizi za kwetu, kwa kuwa hizo zako za skuli bado zinanitoa jasho. Ukiona mwandiko unarukaruka usidhani ni uzee. Ni furaha! Tangu nianze mstari wa kwanza nimeinuka mara nne kwenda kulitazama sanduku lako, na halijaota miguu, lipo palepale.

Barua hii nitaitia katika mfuko wa shati la baba yako, ule ulioko katikati ya shuka ya viraka, na shuka nitaitandika kitandani kwako. Utaiona. Ila nakuomba jambo moja: ukiingia chumbani usianze kutafuta gauni lako la nyumbani. Kaa kitako, washa taa, usome mpaka mwisho kwanza.

Habari za kula vizuri, za kujisitiri, za kutonunua machungwa yote ya Muheza kwa sababu tu muuzaji kakusifia macho, hizo umezisikia mpaka umechoka, nami nimechoka kuzisema. Naandika kwa ajili ya neno ulilolisema juzi.

Ulikuwa umekaa kwenye mbuzi unakuna nazi, na baba yako alikuwa hajarudi mkutanoni. Wiki ya pili hii makuli wa bandarini wamegoma, hawapakii hata robota moja la katani. Kila siku inasemwa fulani kachukuliwa, fulani kafukuzwa, na baba yako, ambaye hajui kukaa nyuma, yuko mbele. Ukaiacha nazi ukaniambia, "Mama, mimi siendi. Baba akichukuliwa, wewe utabaki na nani?"

Niliendelea kuchagua mchele, nawe ukadhani kunyamaza kwangu ni kukubali. Sikukubali, mwanangu. Kesho asubuhi garimoshi litaondoka, uwemo au usiwemo, na nafasi yako katika chuo cha ualimu hawatakuwekea mpaka mambo ya bandarini yatulie. Wanaoingoja nafasi hiyo ni wengi.

Unasema unabaki kwa kunionea huruma. Nakujua, nimekuzaa. Huruma imo, lakini kuna kubwa kuliko huruma. Ukibaki, kila litakalotokea utalijua siku ileile. Ukienda, utakuwa kule milimani hujui. Kutojua ndiko kunakokutisha. Basi mimi nilipata kuogopa jambo hilohilo, nikafanya upumbavu ambao mpaka leo Mabawa wakinikumbusha wanashika mbavu. Wewe kisa hiki unakijua kwa upande wake wa kuchekesha. Leo nakupa na upande wa pili.

Ulikuwa na miaka tisa. Baba yako alikwenda Pemba kuchuma karafuu, kama walivyokwenda wengi wa hapa kila msimu. Siku ya kurudi chombo chao kikazama. Watu watatu walipatikana wamekufa, wengine hawakuonekana kabisa, na kila aliyeulizwa alisema baba yako alikuwa wa kupanda chombo kile. Ami yako Mbaraka ndiye aliyetuletea habari, analia kabla hajafika barazani. Shehe wetu akaja, akakaa, akasikiliza yote, akasema, "Maiti hatukumwona. Tungojeni kwanza."

Mwanangu, kungoja kulinishinda. Nilingoja siku sita, wallahi sita tu. Kila aliyepita njiani nilidhani ni yeye, kila aliyekohoa ni yeye. Nilikuwa nikipakua chakula nasimama na upawa hewani, nasikiliza. Siku ya saba nikamwambia Mbaraka kwamba naingia eda, na nilimwambia kwa ukali, utadhani aliyesema tungoje ni yeye. Eda ina hesabu yake, miezi minne na siku kumi. Unajua umefika wapi na umebakiza nini. Kungoja hakuna hesabu. Nilitaka huzuni ya yakini kuliko tumaini nisilolijua mwisho wake. Nikavua bangili kwa macho makavu, na watu wakanisifu kwa subira. Subira gani? Ile ilikuwa pupa.

Matanga yalipoondolewa, ami yako akaja kwa adabu zake kutaka nguo za marehemu zitolewe sadaka, kama ilivyo desturi. Nikamwambia aje Ijumaa. Alhamisi nikalifungua sanduku. Mashati manne, kanzu mbili, suruali ya kaki, koti lililopauka mabegani, na vikoi. Nikawaza: kanzu hii ataivaa mwanamume mwingine, atapita hapa mbele ya dirisha langu, nami nitauona mgongo wa mume wangu una mtu mwingine ndani. Nikachukua mkasi. Mbaraka alipokuja Ijumaa alikuta rundo la vipande sakafuni na mimi nimekaa katikati. Maskini ya Mungu, aliondoka bila hata kuaga.

Nilijua kukata tu. Aliyejua kuunga ni Mama Naomi, yule jirani yetu wa Kishambaa, mumewe fundi wa reli, aliyekuwa akikupa viazi vya kuchoma. Kwao milimani kuna baridi, na wanawake wa kanisani kwao wamefundishana kuunga viraka vikawa mablanketi. Alikuja kunipa pole, akavitazama vile vipande. Kesho yake akarudi na sindano mbili na kitambaa cha marekani cha kufanyia bitana.

Akanifundisha kufua kila kipande kwanza, maana kipya kikiungwa na kikuukuu, siku ya kufuliwa kipya hunywea kikamvuta mwenzake. Akanifundisha kupiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza tu, kabla ya kushona kwenyewe. Na akanipiga mkono sijui mara ngapi kwa kuvuta uzi. Nilivuta, ee! Nilishona kama ninayefunga mzigo. Akaniambia, "Legeza, dada. Uzi kazi yake ni kushika, si kunyonga." Itazame pembe ya kushoto ya shuka, pale kwenye kipande cha kaki. Mishono imekwenda upogo, kitambaa kimejikunja. Mama Naomi alitaka nifumue, nikakataa. Nilitaka ikae nione nilivyokuwa.

Halafu siku moja, wala sijui ilikuwa ya ngapi, nikashtuka naisikia adhana ya adhuhuri na tangu asubuhi sijalia. Sikuwa nimesahau kitu. Mume wangu alikuwa bado hayupo, ami yako alikuwa bado amenuna. Lakini mkono ulikuwa na kazi, na kazi yenyewe ndogo: ingiza sindano hapa, itoe pale, karibu na ulipopita. Huwezi kushona mishono kumi kwa mara moja hata ukiwa na haraka ya namna gani. Nikajisikia nimetulia. Utulivu ule haukuja kichwani, kichwani palikuwa hapaingiliki. Ulinijia kwa vidole. Tangu siku ile sijapata wakati wa misukosuko nisiokuwa na sindano karibu, na usidhani ni kwa sababu tumepungukiwa na mashuka.

Lakini nilikwambia nitakupa na upande wa pili. Wewe ulikuwa wapi siku zote hizo? Ulikuwa ubavuni kwangu. Nilikutoa skuli siku niliyoingia eda, nikasema mtoto anikalie karibu. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo, si shehe, si Mbaraka, wala haimo katika desturi. Nilikutaka tu. Ukawa unanipangia vipande, vyeupe huku, vya buluu huku, na wenzako asubuhi wanapita na vibao vyao, nawe huinui macho. Nilikuona. Nilijifanya sikuoni.

Ukaingia mwezi wa tatu. Siku hiyo ilikuwa mchana, jua kali, umekaa mlangoni unapanga vipande vya kikoi chekundu. Kisha ukasema, kwa sauti yako ya kawaida kabisa, "Mama, marehemu yuko mlangoni."

Ndivyo ulivyozoea kusikia akiitwa kwa muda wote ule. Marehemu alipenda hiki, marehemu alikuwa akisema kile. Hukuona ajabu. Ajabu niliiona mimi, nilipoinua macho nikamkuta amesimama na mkongojo, amevaa kikoi cha watu na shati linalombana kifuani. Kumbe alianguka mkarafuuni siku moja kabla ya safari akavunjika mguu, na watu wema wa kijiji kile wakamuuguza. Habari alimpa rafiki yake atuletee, na huyo rafiki ndiye aliyepanda chombo. Salamu zikazama na aliyezibeba, Mungu amrehemu.

Nilipiga ukelele watu wakatoka hadi msikitini. Mama Naomi alikuja mbio na mwiko mkononi. Nililia, nikacheka, nikamshika yule bwana miguu yote miwili kuona kama ni ya kweli, na ule mbovu nikaubana mpaka naye akapiga ukelele wake. Basi katika vurumai lile, kabla hata hajakaa, baba yako alikutazama wewe na vipande vyako, akaniuliza, "Mbona mtoto yuko nyumbani saa hizi?"

Mwanahawa, swali hilo ninalo mpaka leo. Ulirudi skuli darasa lako limekwenda, ukakaa na watoto wadogo kuliko wewe, na hukuninung'unikia hata siku moja. Kwa kuwa baba yako alirudi na mji mzima ulicheka, nami nikajifichia katika kicheko hicho. Sijapata kukuomba radhi. Leo nakuomba. Nisamehe, mwanangu. Nilikukata pamoja na yale mashati, na wewe ulikuwa hai, nakuona.

Sasa nipanguse macho tucheke kidogo, maana nguo aliziulizia. Ijumaa ilipofika akataka kanzu ya kwendea msikitini. Nikaenda kuileta shuka, imekwisha nusu, nikaitandaza mbele yake. Akaitazama muda mrefu. Akanyoosha kidole: hili si shati langu la Idi? Ndilo. Na hii si kanzu ya harusi? Ndiyo. Akauona ule mfuko, ambao niliushona mzima mzima kwa kuwa sikuwa na moyo wa kuupasua, akatia mkono ndani, akasema, "Alhamdulillahi, mfuko umeniachia." Akaenda msikitini na kanzu ya Mbaraka, na Mbaraka unamjua kimo chake. Ilimwishia chini kidogo ya magoti. Shehe alipomwona hakumwambia neno jingine ila kwamba yeye alisema tungoje, kisha akageuka ukutani acheke bila kuonekana.

Wapo wanawake waliosema kumkatia nguo mtu aliye hai ni kumchuria, kumwitia mauti. Baba yako aliwajibu kwamba uchuro wa namna hiyo ndio unaomrudisha mtu nyumbani, na wao wawakatie waume zao.

Yule ndiye baba unayemwogopea. Nami namwogopea, sikudanganyi. Juzi askari walipopita mtaa huu na magari yao, moyo ulinidunda mpaka nikadhani Mama Mwenye Nyumba anausikia ukutani kwake. Nikachukua sindano. Macho yangu hayaoni tundu sawasawa siku hizi, kwa hiyo aliporudi akaketi karibu yangu, akanitungia uzi, yeye na vile vidole vyake vya kubebea marobota. Alitunga sindano tano akazipanga kwenye mkeka. Nikamweleza ulilosema. Akatunga ya sita, akasema, "Mwambie aende. Wakinichukua, watanichukua akiwa hapa na watanichukua akiwa kule. Tofauti ni kwamba akiwa kule atakuwa mwalimu."

Mwalimu! Mwanangu, unajua nimelitamka neno hilo jikoni peke yangu mara ngapi? Mwalimu Mwanahawa. Shikamoo, Mwalimu Mwanahawa. Kuku wamenishangaa. Mimi niliyemtoa mtoto skuli kwa sababu ya hofu yangu, mtoto yuleyule anakwenda kuwafundisha watoto wa watu! Nikikumbuka ulivyokaa pale mlangoni na vile vipande, na nikilitazama hili sanduku la bati lenye jina lako, natamani nitoke nje nipige vigelegele, ila wataniuliza namwoza nani.

Kwa hiyo nenda. Utakaa kule siku utapata barua na siku hutapata. Pengine mwezi mzima hutajua baba yako yuko nyumbani au wapi. Mimi pia sitajua umelala vipi, umeumwa, umecheka na nani. Tutakuwa hatujui sote wawili, na mimi nimejifunza kwamba mtu anaweza kuishi hajui. Siku sita nilizongoja sikuzimaliza vizuri. Hizi zako nataka nizimalize. Shuka hii ni yako, nenda nayo, kule kuna baridi ya kweli. Mama Naomi, aliyekwisha kurudi kwao, atakuwa Mombo anakungoja. Mwonyeshe ile pembe ya kushoto, atakwambia tena kwamba nilikuwa mbishi.

Haya, sasa habari ya gauni lako.

Nimelikata. Lile la maua, na lile la buluu, na doti zako mbili za nyumbani, zote. Jana ulidhani nafua nguo za safari, kumbe nafua vipande, kama nilivyofundishwa. Vimo kikapuni chini ya kitanda changu, vyeupe huku, vya buluu huku. Za kwendea safari zimo sandukuni, sanduku limefungwa, na ufunguo anao baba yako, hatakupa mpaka stesheni. Ukitaka kubaki hapa kesho, utabaki na buibui tupu.

Uliniuliza nitabaki na nani. Nitabaki na kikapu hicho. Ni kazi ya miezi, shuka ya kitanda kikubwa, na mikono inaniwasha kuanza. Askari wakipita, nitashona. Barua yako ikichelewa, nitashona, na uzi sitauvuta.

Wala usiogope uchuro. Maishani mwangu nimemkatia nguo mtu mmoja tu kabla yako, nikazimaliza zote, naye alirudi kwa miguu yake mpaka mlangoni akaniuliza ziko wapi. Nawe njoo uniulize hivyohivyo.

Nasikia sauti ya shangazi yako barabarani, amekusindikiza na bado analia. Naikunja.

Mamaako